Naomba ushauri, mzee kaombwa aingie kwenye utafiti wa klipu ya moyo

Habari zenu wakuu, mzee wangu niko naye hapa Marekani, moyo umechoka na vali ya upande wa kushoto inarudisha damu nyuma, ngazi mbili tu anahema, usiku analalia mito mitatu. Sasa daktari kasema kuna utafiti, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa pajani mpaka moyoni wanabana vali kwa klipu, ila kompyuta ndo inachagua nani awekewe nani abaki na dawa tu. Nimejisomea nikachanganyikiwa zaidi, 2018 utafiti wa COAPT, wagonjwa 614 wa Marekani na Kanada, waliowekewa walilazwa mara chache na waliokufa walikuwa wachache, halafu MITRA-FR wa Ufaransa mwaka huohuo, wagonjwa 304, haukuona tofauti. Eti Wafaransa walikuwa na mioyo iliyotanuka zaidi, haya, wangu yuko kundi gani? Mwenyewe kashagoma, "sifanyiwi majaribio mimi". Aliyepitia hii anisaidie, nimuulize nini daktari kabla ya kusaini fomu? Na klipu ikisumbua baadaye bili analipa nani, maana bima za huku mnazijua.