Tupeane uzoefu: Krismasi nyumbani kwenu mnamshukuruje Mungu?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Desemba imeshatuchanganya, ukipita Kariakoo sa hivi hata pa kukanyaga hakuna, kila mtu anatafuta viatu vya watoto na mchele, na mi sina neno na hilo maana watoto lazima wafurahi. Ila kuna kitu kinanikaa moyoni. Hapa Dar shukrani yote tumeisogeza tarehe 31, mkesha wa mwaka mpya, ndo watu wanajaa makanisani kushukuru wamevuka mwaka, wamepata kazi, wamepona. Ni vizuri kabisa. Lakini Krismasi ina shukrani yake, unashukuru kwamba Mungu mwenyewe kaja kwetu, hata kama mwaka wako wote umekuwa wa machozi. Soma Luka 2 uone wale wachungaji, walirudi wakimtukuza Mungu na kumsifu, na walikorudi ni kulekule kondeni, kwenye kazi ileile.

Naanza mimi. Kwetu Tabata kabla hatujagusa chakula baba anasoma Luka 2 mstari wa 1 mpaka wa 20, halafu kila mtu kuanzia mdogo anataja mtu mmoja ambaye Mungu alimtumia kwake, na ukishamtaja lazima umwambie siku hiyohiyo. Mwaka jana mdogo wangu alimtaja mama anayeuza maandazi karibu na shule yao, kumbe siku ambazo hela haikutosha alikuwa anampa chai bila kumdai. Namba yake hatukuwa nayo, ikabidi tumfuate na sahani ya pilau. Yule mama alilia, akasema hakuwahi kujua kama mtoto anakumbuka. Haya karibuni.

Mdau wa Ukonga:
Tumsifu Yesu Kristo. Mi ni nesi wodi ya wazazi na mara nyingi usiku wa tarehe 24 unanikuta zamu, kwahiyo misa ya usiku huwa siipati. Bahati nzuri sisi Wakatoliki Krismasi ina misa ya usiku, ya alfajiri na ya mchana, nikitoka zamu na kuoga nawahi hiyo ya mchana. Kuna mwaka alikuja binti peke yake, uchungu umeshamkaza, hana ndugu aliyemsindikiza, hana hata kanga ya kumpokelea mtoto. Akajifungua salama karibu na kupambazuka. Wale wamama wengine wodini, na wenyewe hawana kitu, mmoja akatoa kanga, mwingine kofia, mwingine akammiminia uji kutoka kwenye chupa yake. Nikakumbuka Mariamu alivyomvika mwanawe nguo za kitoto akamlaza horini kwa sababu hawakupata nafasi kwenye nyumba ya wageni. Tangu hapo Krismasi yangu siendi wodini mikono mitupu, nabeba kanga safi mbili tatu, hiyo ndo sadaka yangu ya shukrani na sijawahi kukosa wa kumpa.

Mdau wa Mbagala:
Mi naendesha bajaji. Kuna mwaka mwenye chombo aliichukua sikukuu imeshakaribia kabisa, mkataba ulikuwa umebaki kidogo tu niimiliki. Asubuhi ya Krismasi nikaenda kanisani na watoto kwa miguu, bahasha ya shukrani sina, nikakaa nyuma kabisa nikaona watu wanapita mbele kutoa, nikasema Bwana mi nimekuja mwenyewe, nipokee hivihivi. Sasa pale tunapopanga jirani yetu ni mama wa Kiislamu, na utaratibu wetu Idi wao wanatuletea pilau, Krismasi sisi tunawapelekea. Siku hiyo hatukuwa na cha kupeleka. Saa sita mchana nasikia hodi, mama kaja na sinia limefunikwa na jogoo kapikwa mzima, anamwambia mke wangu, "Mama, sikukuu ni yenu lakini mwaka huu tumepika sisi, mle na watoto." Wakuu, niliinuka nikaomba kwa sauti pale pale kibarazani na yule mama akaitikia amina. Mi naamini kabisa lile sinia ndo lilikuwa jibu la ile sala ya asubuhi.

Mdau wa Kimara:
Samahani nitaandika kitu tofauti kidogo. Mama yetu alitutoka mwezi wa kumi, na Krismasi ya mwaka ule kila aliyenisalimia alikuwa ananipa ule mstari wa 1 Wathesalonike 5:18, shukuruni kwa kila jambo. Naupenda ule mstari lakini wapendwa mtu aliyefiwa msimrushie andiko mkaondoka, kaeni naye kwanza. Mi niko kwaya, sauti ya kwanza, siku hiyo sauti haikutoka kabisa, nikakaa kwenye benchi wenzangu wakaimba na sehemu yangu. Mchungaji alinifuata baadaye akanisomea Simeoni, yule mzee aliyempakata mtoto hekaluni akamsifu Mungu, na palepale akamwambia Mariamu kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Yaani furaha na upanga viko kwenye maneno ya mzee mmoja. Hapo ndo nikaweza kusema asante Yesu kwa mama uliyenipa, nikasema nalia. Inaruhusiwa kushukuru unalia.

Mleta mada:
Pole sana dada. Hilo la kukaa na mtu kwanza tulichukue wote.

Mdau wa Sinza:
Sisi Krismasi ni Moshi kwa bibi, na mwaka huu tunaenda pia. Kabla ya kuchinja bibi anatupeleka makaburini pale kihambani, yaani shamba la ukoo, anataja majina ya waliotangulia mmojammoja na kumshukuru Mungu kwa hao waliotuletea imani. Watoto wanajua ukoo wao kupitia hiyo sala.

Mdau wa Segerea:
Parokiani kwetu nasaidia kutengeneza pango la Krismasi na watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki. Huwa nawaeleza kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1223 kule Greccio, Italia, aliandaa hori lenye nyasi, na ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Bwana. Watoto wetu hawaandiki maombi ya zawadi, kila mmoja anaandika asante kwenye karatasi na kuiweka kwenye nyasi za pango. Mmoja aliandika "asante Yesu baba amerudi nyumbani." Niliisoma nikashindwa kuendelea kupamba.

Mdau wa Kigamboni:
Nimesoma zote. Mi ni mlinzi, natoka lindo saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 25, familia iko Songea na nauli mwaka huu imeshindikana. Mtu uko peke yako geto, unaanzaje?

Mdau wa Ukonga:
Kaka, anza kwa kupiga simu Songea uwasomee watoto Luka 2 kwa sauti, wakuitikie. Halafu vuka na pantoni uwahi misa ya mchana, parokia yetu nakuelekeza inbox, mwaka huu siko zamu. Ukitoka hapo chakula ni nyumbani kwetu, shemeji yako ameshasema anaongeza kilo ya mchele.