Nembo ya programu yetu huria: jiwe au sangara? Naombeni ushauri

Kijana_Pasiansi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Mimi na wenzangu tuna programu huria (yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadili) ya hesabu za mwalo: nani kaleta magunia mangapi, nani anadaiwa mafuta ya injini. Juzi tu, mbalamwezi ikiwaka, iliandika magunia 90 ya dagaa bila kukosea hata moja. Ila haina nembo. Kuna michoro miwili: Jiwe la Bismarck juu ya mawimbi, na sangara aliyejikunja. Mwisho wa kuchagua ni keshokutwa, usingizi sipati.

MamaNyakato: Sangara huyu aliyemaliza furu wetu ziwani ndiye mnampa heshima? Weka jiwe. Mimi duka langu nililiita jina la mume. Alivyoondoka, nilipaka ukuta mzima upya, na rangi ilivyo ghali!

fundi_msimbo: Punguza kila mchoro hadi pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa ile alama ya kwenye kivinjari. Bismarck ni mawe yaliyobebana; hapo utaona kichuguu. Pengwini wa nembo ya Linux, ule mfumo huria wa kompyuta, Larry Ewing alimchora mwaka 1996 kwa GIMP, programu ya kuchorea, nayo huria, na akiwa mdogo kama ukucha bado unamjua. Faili la SVG, lile la mchoro unaokuzwa bila kuharibika, mnalo? Nani kachora?

Kijana_Pasiansi: Tuna picha tu. Ya jiwe kachora mwenzetu.

fundi_msimbo: Basi mwombe hilo faili.

Kijana_Pasiansi: Hayupo tena kwenye mradi. Tulitofautiana. Lakini msimbo wetu wote uko chini ya GPL, leseni ya programu huria, na alichora kwa ajili ya mradi, kwa hiyo ni wetu. Halafu fulana 40 za jiwe zimeshachapwa pale Makoroboi, kwa michango ya watu. Nikibadili sasa nitawaambia nini?

Mzee_wa_Busisi: Kumbe umeshachagua! Sasa ushauri wa nini? Jasho la mtu halivaliwi hivi hivi, mwanangu.

fundi_msimbo: GPL inahusu kile ambacho mwenyewe amekiweka chini yake. Mchoro aliokurushia WhatsApp hakuuweka popote. Mwaka 2006 Debian, watengenezaji wa mfumo huria wa kompyuta, waliacha jina la kivinjari cha Firefox wakakiita Iceweasel, na ugomvi ulianzia kwenye nembo: msimbo ulikuwa huria, nembo haikuwa. Pata ruhusa yake kwa maandishi kabla fulana hazijatoka.

DagaaKavu: Ngojeni kwanza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Hayo magunia 90 yametoka wapi? Hii ni chai.

MamaNyakato: Eti eeh! Na mimi nimeshamwaga siri za ndoa yangu hapa.

Kijana_Pasiansi: Si chai, mama. Ni dagaa wakavu wa Ukara, walivuliwa gizani, wakaanikwa, boti ikachelewa. Programu inaandika siku mzigo unapopokelewa.

DagaaKavu: Ukara sawa, hapo nimekuelewa. Sasa huyo mchoraji alikukosea nini hata usimpigie simu?

Kijana_Pasiansi: Hakunikosea. Siku tuliyogombana nilifuta jina lake kwenye orodha ya wachangiaji wa msimbo. Alikuwa ameandika sehemu yote ya madeni.

Mzee_wa_Busisi: Piga simu.

Kijana_Pasiansi: Nimempigia. Fulana hajaziuliza wala hela. Kauliza jina lake linarudi lini. Nawasha kompyuta.