Mashavu yameshuka na shingo imelegea, nina miaka 53, je sindano ya saluni inafaa?

Bi_Makorora

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Tanga hapa Makorora, nina miaka 53, hedhi imekoma mwaka wa tatu huu na tangu hapo uso umebadilika haraka mno. Makunyanzi ninayo machache tu pembeni ya macho, shida yangu ni ngozi kulegea, mashavu yameshuka pale kwenye taya pamekuwa kama vifuko viwili, na nikiinama kufagia naisikia kabisa nyama ya chini ya kidevu inaning'inia. Nimeuza samaki pale soko la Deep Sea ufukweni miaka zaidi ya 20, asubuhi mpaka jua la saa nane, na zamani nilipaka mkorogo kama miaka sita hivi, nimeuacha.

Binti yangu anaolewa mwezi wa 12. Kuna dada wa saluni mjini kaniambia atanichoma sindano ya kuvuta ngozi kwa laki mbili na nusu na siku hiyohiyo nitaona tofauti, mwingine ana mashine, na jirani yangu anasema niache hayo yote nisinge liwa na mafuta ya nazi tu. Mume wangu hana neno, ni mimi mwenyewe na kioo changu. Naomba mwenye kujua anieleze kwanza kwa nini imekuwa hivi, halafu ni kipi kinasaidia kweli.

nesi_chumbageni

Shikamoo mama. Mimi ni nesi, nimewahi kukaa kliniki ya ngozi miaka kadhaa, ngoja nikueleze kwa urefu maana watu wengi wanadhani ni ngozi ya juu tu imelegea na hapo ndipo hela zinapopotelea.

Ngozi inashikwa na nyuzi za protini mbili, kolajeni inayoipa uimara na elastini inayoirudisha ukiivuta. Kolajeni inaanza kupungua toka ujanani, kama asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo hukuiona. Ila homoni ya estrojeni ikishuka hedhi inapokoma mambo yanakwenda mbio, miaka mitano ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi, baada ya hapo kasi inapungua. Ndio maana unasema imekuja haraka, hujakosea mama umeona sawasawa.

Sasa chini ya ngozi kuna vifuko vya mafuta, vya juu ya shavu vinanywea, vya kwenye taya vinashuka, na kano zinazofunga ngozi kwenye mfupa nazo zinalegea. Halafu mfupa wenyewe wa uso unapungua, taya na pale chini ya macho. Ni kama hema, ukitoa nguzo turubai litabonyea hata likiwa jipya. Krimu inafika kwenye turubai tu, nguzo haiifikii.

La mkorogo niliseme wazi kwa sababu nimeona wanawake wengi. Mingi ina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi ukipaka muda mrefu inaizuia ngozi kutengeneza kolajeni, inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, ukijikuna kidogo unachubuka. Mingine ina hidrokwinoni au zebaki, vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Umefanya jambo kubwa sana kuacha, mama, na usiurudie hata harusi ikikaribia na watu wakakwambia ung'ae kidogo.

mke_wa_dereva

Naomba niongezee la jua maana sisi watu weusi tunaambiana jua halituhusu. Mume wangu ameendesha basi Tanga Dar miaka 19, dereva kwetu anakaa kulia, na upande wa kulia wa uso wake shavu limeshuka na ngozi imekuwa nene ina mistari kuliko kushoto, ukimuangalia kwa mbele unaona kabisa. Nilidhani ana ugonjwa nikampeleka, daktari akasema ni jua la dirishani. Akatuonyesha picha ya dereva wa lori wa Marekani iliyotoka kwenye jarida la madaktari mwaka 2012, mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari miaka 28, yeye jua lilikuwa linampiga kushoto maana kule usukani uko kushoto, na upande huo wa uso ulikuwa kama wa baba yake.

Kuna mionzi inaitwa UVA, inapenya kioo na mawingu na inazama chini kule kwenye kolajeni na haikuunguzi kwa hiyo huisikii. Rangi yetu inakinga kweli lakini daktari alisema ni kama krimu ya SPF 13 hivi, SPF ndiyo namba ya kupimia kinga ya jua, sasa wewe dada yangu miaka 20 Deep Sea, na bahari nayo inakurudishia mwanga kwa chini, hapo kinga gani itatosha?

Mzee_Raskazone

Mwanangu marahaba. Hapa hakuna aliyegusa meno. Mimi niling'olewa magego ya pande zote nikiwa na miaka 50 na kidogo nikakaa bila kuweka kitu, ndani ya miaka michache mashavu yakaingia ndani na mdomo ukashuka, watu wakawa wananiuliza kama naumwa. Daktari wa meno alinieleza kwamba jino likitoka mfupa uliolishika unaanza kuliwa kwa kukosa kazi. Nilipowekewa meno ya bandia uso ulijaa kiasi bila sindano yoyote. Kama una mapengo anzia huko. Na sigara, kama kuna anayevuta hapa aache, nilivuta miaka 25 na mdomo wangu unaonyesha.

Zuhura_T

Dada Makorora tafadhali usichomwe saluni, nakuomba kama mdogo wako. Mimi nilichomwa fila, ile sindano ya kujaza ngozi, kwenye shavu mwaka juzi Dar, sehemu sitaitaja, aliyenichoma hakuwa daktari na mimi sikuuliza nilikuwa nimefurahi tu. Dakika chache shavu likawa na baka jeupe halafu likageuka zambarau kama mtandio wenye mabaka na maumivu sijawahi kuyaona, nikaambiwa ni kawaida nikalale. Sikulala, dada yangu akanikimbiza hospitali usiku uleule, daktari akasema dawa imeingia kwenye mshipa wa damu imeziba. Bahati ilikuwa ni ile ya asidi ya haialuroniki ambayo ina kimeng'enya cha kuiyeyusha, wakanichoma hicho, nikapona ila kovu dogo lipo hapa karibu na pua. Akaniambia ikiziba mshipa unaokwenda jichoni mtu anapofuka. Huyo dada wa laki mbili na nusu muulize jina la dawa na kama anayo ya kuiyeyusha hapo hapo, ukiona anazunguka ondoka.

Bi_Makorora

Wallahi nimesoma nikatetemeka, pole sana Zuhura mdogo wangu. Nesi, na hiyo mashine je? Na liwa? Mapengo ninayo mawili kulia chini, Mzee ahsante sikuwahi kufikiria.

nesi_chumbageni

Kwanza hiyo "sindano ya kuvuta ngozi" hajakwambia ni nini, na hilo tu linatosha kukataa. Kama ni Botox, ile inalegeza misuli, inafaa mikunjo ya paji na pembeni ya macho, inakaa miezi mitatu minne, haibebi shavu lililoshuka. Fila inajaza palipobonyea, ikichomwa na daktari mjuzi inasaidia kiasi.

Mashine zipo za namna mbili, ya mawimbi ya redio na ya altrasaundi iliyokusanywa sehemu moja, zote zinapasha joto chini ya ngozi ili mwili utengeneze kolajeni mpya. Zinafanya kazi kwa aliyelegea kidogo au wastani, lakini kolajeni haioti siku hiyohiyo, ni miezi miwili mpaka sita, kwa hiyo anayekuahidi jioni utakuwa msichana anakudanganya, unachokiona siku hiyo ni uvimbe. Ikitumika vibaya inaunguza, au inayeyusha mafuta ya shavu ukazidi kubonyea. Na leza kwa ngozi zetu iwe kwa mtu anayezijua rangi zetu, zisipopangwa vizuri zinaacha madoa meusi. Kwa ngozi iliyoning'inia sana kinachovuta kweli ni upasuaji, unadumu hata miaka kumi, ila ni gharama na kama una asili ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, mwambie daktari mapema.

Liwa mama singa, kwenye msio na marashi yako, inalainisha na inanukia na harusi bila liwa Tanga si harusi. Mafuta ya nazi yanashika unyevu. Ila hayanyanyui shavu na hayazuii jua, usiyapake ukaenda nayo sokoni ukidhani umejikinga.

Cha kuanza nacho ni krimu ya kuzuia jua kila siku na tretinoini usiku, hii ndiyo krimu yenye ushahidi mrefu kwenye kolajeni, lakini uandikiwe na daktari maana ngozi yako ilishachokozwa na mkorogo, unaanza kidogo mara mbili kwa wiki, na mjamzito haigusi, kwa hiyo usimgawie binti. Pitia hospitali ya Bombo wakuangalie, na kama unaweza safari kuna kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi kipo toka 1992, wanafundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi.

Bi_Makorora

Ahsanteni sana. Yule dada nimempigia nimemwambia sitakuja. Jumatatu naenda Bombo, na la meno nitaliuliza hukohuko. Kofia ya ukili ninayo. Krimu ya jua niliwahi kujaribu moja ikanifanya kijivu usoni, ipo isiyofanya hivyo?

mke_wa_dereva

Ipo dada, chukua ya jeli au ile yenye rangi ya kahawia, hiyo ya rangi ni nzuri zaidi kwetu maana inazuia na mwanga wa kawaida unaoleta madoa. SPF 30 kwenda juu na uhakikishe imeandikwa UVA. Kamulia mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, hiyo ni ya uso na shingo, usisahau shingo. Ukiwa Deep Sea unarudia kila baada ya saa mbili, mume wangu kaiweka kwenye droo ya basi na anapaka akifika Segera.