Apu ipi ya habari ina afadhali kwenye siasa? Nabakiza tatu tu

Konda_wa_Buza:
Wakuu, simu yangu ya GB 32 imejaa, picha za watoto sifuti ng'o, kwa hiyo zinazoondoka ni apu za habari. Nina Mwananchi, DW, TRT Afrika, BBC Swahili nimeiweka njia ya mkato, na ile inayookoteza habari huku na huku ilikuja na simu yenyewe. Nabakiza tatu. Nataka isiyoegemea upande maana juzi tukio moja lile lile, moja inaniambia "wananchi waandamana" nyingine "vurugu zazuka", nikajiuliza hawa walikuwa mji mmoja kweli?

Otis_Umoja:
Buda, hiyo ya kutoegemea utangoja sana. Angalia nani analipa stima. Hapa Kenya Standard ni ya familia ya marehemu Moi, Citizen TV ni ya S.K. Macharia, na Machi 2024 serikali ikasema matangazo yake yaende KBC, shirika lake yenyewe la utangazaji. Sasa ukikatiwa pesa ya matangazo unakuwa mkali, ukirudishiwa unapoa, hiyo ni hesabu yangu mimi si ya korti. Lakini Juni 25, 2025 siku ya maandamano Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yasimamishwe, NTV na KTN zikazimwa masafa mpaka mahakama ikaingilia. Tivii giza, simu nayo imejaa video. Siku hiyo sikuuliza nani ana upande gani.

mamaAsha_Tanga:
Za nje nazo msizione malaika. DW inalipwa na kodi za Wajerumani, TRT ni ya serikali ya Uturuki, BBC Swahili sehemu ya hela zake zinatoka serikali ya Uingereza. Mambo yetu wanayasema vizuri tu kwa sababu hayawaumi. Mimi nawapima kwa Gaza. Alfajiri niko na maandazi yangu jikoni nafungua tatu kwa mpigo naangalia kitenzi tu, wameuawa na fulani, au wameuawa basi, au "wamefariki". Kiswahili kinamficha muuaji kirahisi mno, ukishachomeka hiyo -w- keshapotea. TRT kwa Gaza hawamung'unyi maneno, ila sasa tafuta habari ya meya wa Istanbul, wa upinzani, aliyekamatwa Machi 2025, isome TRT halafu isome DW, ndo utajua. VOA nilikuwa naipenda, Trump akasaini amri Machi hiyo hiyo ikanyamaza, redio yangu ikabaki inakwaruza.

Mbeba_Boksi_Toronto:
Huku kuna Ground News, ya hapa hapa Kanada. Inachukua habari moja inakuonyesha wangapi wa kushoto wameiandika, wangapi wa kulia, na zipi upande mmoja umeziruka. Kwa mambo ya Trump iko vizuri, nimelipia kabisa. Ila kipimo chenyewe ni cha Kimarekani. Kwetu kushoto na kulia ni za barabarani tu na wote tunaendesha kushoto, CCM na CHADEMA hawagombanii bunduki.

fundi_redio:
Mnachanganya upendeleo na woga. Oktoba 2024 TCRA, wasimamizi wa mawasiliano Tanzania, ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications siku 30 kisa video ya katuni ya gazeti lao la The Citizen iliyogusa watu waliopotea. Na 2020 Mwananchi ilishafungiwa mtandaoni miezi sita na faini milioni 5 juu, picha ya Magufuli akinunua samaki. Sasa mhariri aliyepita humo akiandika "kufuatia sintofahamu iliyojitokeza" usikimbilie kumwita chawa. Chawa anasifia. Mwoga anaandika aya nne, na habari yenyewe iko ya nne. Mimi habari za hivyo naanzia chini napanda juu.

Kahawa_Tungu:
Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu Tanzania, mtandao ulipozimwa apu zote zililingana. Kilichobaki hewani ni kijiwe cha kahawa, nacho mpaka saa 12 jioni kafyu ilipoanza.

Otis_Umoja:
😂😂 pole sana

Konda_wa_Buza:
Haya wakuu. Imeondoka ile ya kuokoteza, nilibonyeza habari ya mwanasiasa mmoja mara mbili tu, siku tatu nzima naletewa yeye, asubuhi mchana usiku kama ananidai. Mwananchi nabaki nayo nasoma toka chini kama alivyosema fundi, DW na TRT nawaacha wachongeane wenyewe, BBC njia ya mkato haili nafasi. @mamaAsha hayo maandazi yanafika Dar?