Tim Farron alionewa, au chama cha kiliberali hakimfai mlokole?

Bandari Salama: Juni 2017 Tim Farron aliachia uongozi wa Liberal Democrats kule Uingereza, akasema kuongoza chama kama kile na kuishi kwa kuishika Biblia kumemshinda. Toka achaguliwe 2015 waandishi walikuwa na swali lao pendwa: mapenzi ya jinsia moja ni dhambi? Sasa chama kinachohubiri uhuru wa kuamini kinamnyimaje nafasi anayeamini?

Mama Kibibi: Nani alimkataza kusali? Alikwepa swali 2015, kwenye kampeni ya 2017 akajibu si dhambi, 2018 akasema anajutia jibu hilo. Mpiga kura ashike lipi?

Jiwe la Pembeni: Dini kisingizio tu. Aliboronga uchaguzi, viti vikapungua.

Bandari Salama: Havikupungua, mkuu. 2015 walipata 8, 2017 wakapata 12. Ila jimboni kwake aliponea kwa kura 777, hapo nakupa.

Mzee wa Leeds: Mbona Waislamu hawaulizwi? Wangemuuliza Sadiq Khan, meya wa London, hivyo mngesikia kelele.

Binti Saidi: Hapo ndipo mnapochosha. Sadiq aliiunga mkono ndoa ya jinsia moja bungeni 2013, akatishiwa kuuawa na Waislamu wenzake. Humza Yousaf naye 2023, akigombea uongozi wa chama cha SNP huko Uskoti, alisakamwa aeleze kwa nini hakuwepo kwenye kura ya mwisho ya ndoa hiyo bunge la Uskoti 2014. Unaishi hukohuko na hujasikia?

Mzee wa Leeds: Binti, heshima. Humza si alishinda? Mpinzani wake Kate Forbes, Mkristo, akashindwa. Jumlisha mwenyewe.

Binti Saidi: Shikamoo kwanza. Halafu nikujibu: Forbes alitamka mwenyewe kwamba angeipinga ndoa hiyo, na bado akapata asilimia 48 dhidi ya 52 za Humza. Chama chenye chuki na walokole kingempa 48?

Jiwe la Pembeni: Marahaba zimeliwa 😂

Mama Kibibi: Huyo Forbes mimi namheshimu kuliko Farron. Alisema lake, akapigiwa kura. Farron alitaka kura za London na baraka za kanisani kwake kwa sentensi moja.

Bandari Salama: Mama, siku anajiuzulu, Brian Paddick alikuwa ameshaacha usemaji wa chama wa mambo ya ndani kwa sababu ya misimamo ya kiongozi wake. Huo uvumilivu wa kiliberali uko wapi?

Jiwe la Pembeni: Nchi ina maaskofu 26 bunge la juu kwa nafasi zao tu, halafu kumbe tatizo ni mbunge mmoja mlokole. Gladstone alikuwa mcha Mungu kupindukia, akawa waziri mkuu wa waliberali mara 4.

Mzee wa Leeds: Gladstone hakukalishwa kwenye TV ya Channel 4 aulizwe kuhusu dhambi.

Binti Saidi: Sadiq hujanijibu, baba.

Mzee wa Leeds: Naingia zamu ya usiku.