Tupeane uzoefu: siku ambayo maktaba ya Java haikuwamo ndani ya WAR

Ndugu wanajamvi, salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Naomba tupeane uzoefu wa kufungasha maktaba (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) pamoja na programu za wavuti za Java, maana wengi wetu tulifundishwa kuandika msimbo, lakini kufungasha tumefundishwa na makosa, tena mbele ya mteja.

Naanza mimi. Nilimtengenezea mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi mfumo wa stoo. Nilipouweka kwenye Tomcat yake (seva ya kuendeshea programu za wavuti za Java), ukurasa wa kwanza ulifunguka, lakini alipobonyeza kitufe cha kuingia, logi iliandika ClassNotFoundException: com.mysql.cj.jdbc.Driver, yaani maktaba ya kuunganisha hifadhidata ya MySQL haikupatikana. Nililifungua faili la WAR (kifurushi kinachobeba programu nzima ya wavuti) kama zipu huku amesimama nyuma yangu: ndani ya WEB-INF/lib, folda ya maktaba, mlikuwa na JAR (mafaili ya maktaba za Java) nne, ya MySQL haimo. Kumbe siku nyingi nyuma niliiweka kwenye folda ya lib ya Tomcat ya kompyuta yangu, nikasahau, ndiyo sababu kwangu mfumo haukuwahi kugoma. Tangu hapo natumia Maven, zana ya kujenga na kufungasha miradi ya Java. Kila maktaba naiandika kwenye pom.xml (faili la maelezo ya mradi) pamoja na toleo lake, na amri ya mvn clean package huzipakua zote, pamoja na zile ambazo maktaba hizo zenyewe zinazitegemea, na kuzipanga ndani ya WEB-INF/lib bila mkono wangu kugusa.

Mchangiaji wa Isevya, Tabora:
Pole sana, ndugu. Langu lilikuwa kinyume cha lako. Mfumo uliwaka bila kosa lolote kwenye logi, ila kila anwani ya servleti (msimbo wa Java unaojibu maombi ya kivinjari) ilirudisha 404, yaani haipatikani. Nikadhani kuna maktaba iliyokosekana, nikaongeza JAR ya servleti ndani ya WAR, na siku mbili zikapotea. Msimbo wangu ulitumia javax.servlet, jina la zamani la maktaba ya servleti, ilhali Tomcat 10 inatambua jina jipya, jakarta.servlet, pekee. Nilisakinisha Tomcat 9, mfumo ukafanya kazi siku hiyohiyo. JAR ile niliiwekea scope ya provided (itumike kujengea tu, isiingie ndani ya WAR), kwa kuwa seva tayari inayo yake. Wanaotumia Gradle, zana nyingine kama Maven, huandika providedCompile.

Mchangiaji wa Kasulu:
Kwangu shida ni bando. Maven huhifadhi kila inachopakua ndani ya folda ya .m2, kwa hiyo kabla ya kwenda kijijini natumia intaneti ya mjini kuendesha mvn dependency:go-offline, amri ya kupakua vinavyohitajika mapema, kisha kule najenga bila mtandao kwa mvn -o package. Hata hivyo siitegemei amri hiyo peke yake, kwa sababu imewahi kuniachia programu-jalizi moja bila kuipakua. Siku hizi najenga mradi mzima nikiwa bado na mtandao, halafu nazima data na kuujenga tena palepale. Ukikubali, ndipo nafunga begi.

Mwanzilishi wa mada:
Hilo la kuzima data na kujenga tena nimelichukua, ahsante sana. Nani mwingine amekutana na NoSuchMethodError (kosa la msimbo kuita mbinu isiyokuwepo) baada ya matoleo mawili ya maktaba moja kugongana? Kwangu mvn dependency:tree ilinionyesha ni maktaba ipi iliyolivuta lile la zamani, na exclusion moja (agizo la kuiondoa maktaba kwenye pom.xml) ikalitoa.