MREJESHO: Kichwa cha treni ya kuchezea ya umeme, chapa ya Hornby Dublo, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia au baada?

Wadau, nimerudi. Niliuliza kuhusu kichwa cha treni cha buluu, kiitwacho Sir Nigel Gresley, alichoniachia babu hapa Malindi: ni toleo la 1938 au la baadaye?

Mlionituma nitazame ubavuni, ahsanteni sana. Namba ni 7, si 4498 ya toleo la 1938, na magurudumu yako wazi, hayana lile pindo la kuyafunika. Basi ni cha baada ya vita. Roho iliniuma kidogo, nisiwafiche.

Mota nimeipangusa kwa spiriti, pamoja na vigusio vya chini vinavyochukua umeme kwenye reli ya kati. Kwa volti 12 kinanguruma, kinasogea, halafu kinazima. Nashuku sumaku imechoka. Rangi sijaigusa, kama mlivyoonya. Kutu ya upepo wa bahari ndiyo bado inanisumbua.